Swali la Saba

Dodoso langu lina maswali kumi na mawili,
karatasi mbili zilizobanwa kwa pini,
na la saba linauliza:
Je, wewe husoma lebo ya chakula kabla ya kununua?
Kila mara. Mara nyingi. Mara chache. Katu.

Wanafunzi tisini na wanne wa Dundee
waliketi maktabani, makoti hawajavua,
wakatia tiki kwenye "mara nyingi"
bila mkono kutetemeka,
kama mtu anayeapa hajaonja sambusa
na makombo yangali kidevuni.
Nami, mtunga maswali, nilijijazia langu.
Mara nyingi, niliandika. Kwa wino.

Lakini nalijua duka la chini ya kilima,
saa moja na nusu jioni, Novemba,
giza limeshazeeka tangu saa kumi.
Kijana wa zamu, Struan, hutoka stoo na mashine ya bei
nasi humfuata kimya kimya,
kuku nyuma ya mwenye mtama.
Tak! Kibandiko cha njano. Tak! Kingine.
Hapo ndipo tunaposoma!
Tunasoma kama warithi wanaosoma wosia:
ilikuwa pauni mbili, sasa peni thelathini na tano,
mwisho wa kuliwa ni leo.
Leo inatutosha.

Hakuna anayegeuza pakiti.
Mbele yake zimechorwa taa ndogo:
nyekundu kwa chumvi, nyekundu kwa mafuta,
ya chungwa kwa sukari,
kijani kwa kitu ambacho hata hakimo.
Barabarani tungesimama.
Hapa tunavuka, tena mbio,
pai mbili kwapani.

Nyumbani tu wanne, jokofu moja,
na kesi ya siagi isiyokwisha.
Fraser husoma neno moja tu, protini;
mengine, asema, ni fasihi.
Gethin hasomi kitu. "Nina miaka kumi na tisa," hujibu,
kana kwamba umri ni chanjo.
(Mama yangu naye alikuwa na miaka kumi na tisa, zamani.
Alianza kusoma vibandiko akiwa na hamsini na mitatu,
kwa miwani ya kuazima,
baada ya kidonda cha unyayo kukataa kufunga.)

Eilidh husoma yote.
Husoma mtindi kama barua kutoka hospitali,
midomo ikicheza,
kisha huandika daftarini: robo biskuti.
Katika jedwali langu yeye ndiye bora kuliko wote,
kumi na mbili kwa kumi na mbili,
"mtazamo chanya kuhusu afya".
Mwalimu wangu alilizungushia duara jibu lake
akaandika pembeni: safi sana.

Juzi usiku nilimkuta sakafuni jikoni,
jokofu wazi, mwanga umemwagikia magoti yake,
magoti makubwa kuliko mapaja.
Alikuwa akisoma chupa ya jamu.
Hakuwa akila. Akisoma tu.

Sikujua la kusema, nikabandika sufuria.
Dengu, kitunguu, nyanya mbili za kibandiko cha njano.
"Ina kalori ngapi?" akauliza.
Nikaitazama sufuria pande zote.
Haikuandikwa kitu.
Chumvi nilitia ya kuonja, mafuta ya kukadiria,
maji mpaka yalipoonekana yametosha.
"Sijui," nikasema. "Kweli sijui."
Akacheka kidogo, au alikohoa.

Alikula vijiko sita.
Nilivihesabu,
kisha nikaona haya kwa kuvihesabu.

Usiku ule sikulala, nikalifungua tena dodoso.
Kati ya husoma na husomi
pana herufi moja tu,
nami sina kisanduku cha mtu
aliyekwama kwenye herufi hiyo.
Nilikata jibu langu, nikaandika katu,
nikalikata tena.

Swali la saba bado liko vilevile.
Leo asubuhi nimechapa nakala nyingine hamsini.