Maji ya Aprili, Brandon

Theluji imebaki ukingoni mwa ua, nyeusi kama masizi.
Nafungua bomba la nyumba yetu ya magurudumu:
linakohoa, linatema rangi ya waridi,
dawa ya kuzuia barafu uliyoitia Oktoba
ulipokuwa bado na pumzi ya kupiga magoti.

Umeniachia mwandiko kwenye utepe:
MPIRA WA BULUU, KUNYWA.
WA KIJIVU, CHOO.
Na chini yake, kwa herufi ndogo:
Mwanakombo, usiwe na haraka.

Sina haraka, Shekue.
Nimepima klorini kwa kikombe chako chenye alama nyekundu,
nimejaza tangi, nikaiacha ilale humo usiku kucha
hata kabati, shuka, na ndoto yenyewe
zikanuka kama wodi niliyoifanyia kazi miaka ishirini.

Maji yakimwagika hayazoleki, husema watu.
Mimi nimeyamwaga kusudi, mara tatu,
yakateremka na ute wa majira mazima.

Sasa glasi moja, juani.
Nainusa. Naonja.

Najua ungesema nini:
bado kidogo, suuza tena.

Nafungua bomba.