Kisanduku cha Machi

Ilianza na mita. Saa nane usiku,
nyuma ya Spring Bank, mvua ya Hull
ikikwaruza dirisha kama paka aliyefungiwa nje,
mashine ilikuwa inajisasisha, asilimia sitini na mbili,
tafadhali usizime,
na mita ikameza peni yake ya mwisho.
Giza. Friji likakata pumzi.
Sikuzima mimi. Nilizimiwa.

Asubuhi nikapachika ufunguo wa mita, umeme ukarudi,
kompyuta haikurudi.
Skrini ya buluu, buluu ya sare ya shule,
na sentensi moja isiyo na salamu:
faili la mfumo limeharibika, au halipo.
Au halipo! Hata yenyewe haijui
kama imeugua au imeibiwa.

Humo ndani mna upatu wetu.
Wanawake kumi na mmoja, pauni hamsini kwa mwezi,
wafagiaji wa hospitali, wapakiaji wa samaki, nesi mmoja,
na mimi kijumbe
niliyesema daftari ni mambo ya kizamani.
Jumamosi ni zamu ya Zuwena.
Salha ameshaandika: Kijumbe, mbona kimya?
Alama ya kuuliza moja tu. Najua ya pili inakuja,
na ya tatu ndiyo huitwa mwizi.

Nikabonyeza kitufe, nikahesabu hadi kumi, nikaachia.
Washa, zima, washa, zima,
mara ya tatu ikakubali kufungua ukurasa wa matengenezo.
Jirekebishe, nikaiambia.
Dakika arobaini vidoti vikifukuzana kwenye duara,
kisha: imeshindikana.

Nikamgongea Bartek wa chini,
miaka kumi na sita, soksi ya mguu huu si ndugu ya mguu ule.
Hakuniuliza nimefanya nini.
Akatengeneza flashi kwenye mashine yake,
akaichomeka ubavuni mwa yangu,
na pale ukurasa ulipouliza kwa herufi tulivu,
futa vyote uanze upya?
mkono wangu ukaruka peke yake ukamshika kifundo.
"Hatufuti," akasema. "Tunaazima mafaili mazima,
tunayaweke mahali pa mabovu."

Skrini nyeusi, herufi nyeupe.
Amri ya mstari mmoja,
nafasi pale inapotakiwa nafasi,
na namba zikaanza kupanda.
Kumi na moja. Ishirini. Arobaini na tatu.
Arobaini na tatu.
Arobaini na tatu.
Nikampa chai ya tangawizi. Akainywa kama dawa, kwa adabu.
Sitini na mbili (nikashika meza)
sitini na tatu.

Ilipowaka ikatoa ule mlio wake mfupi wa kipumbavu,
nami nikacheka hadi Bartek akaona haya.
Upatu ulikuwepo. Majina kumi na moja, safu za miezi,
hakuna nukta iliyopotea.
Ndiyo maana nikakiona.
Machi. Mstari wa tisa. Jina langu.
Kisanduku kitupu.

Machi boila ilikufa. Machi nilijisemea, Aprili nitafidia.
Aprili ikapita, na kichwa changu, chenyewe,
kikakijaza kisanduku.
Mafaili yangu nayo yameoza mahali,
wala sikuonyeshwa buluu yoyote.
Na Machi ilikuwa zamu ya Nyambuto, nesi wetu.
Alizihesabu mbele yangu mara mbili, akazikunja,
akasema ahsante.
Mpaka leo hajauliza.

"Kuna kilichopotea?" Bartek, mlangoni, kikombe mkononi.
Nikasema hapana. Kwa sauti ndogo.

Nimetoka, ufunguo wa mita mfukoni, mvua bado,
nimepita kibanda cha simu cha rangi ya maziwa
kisicho na mtu.
Dukani nimeweka pauni kumi za umeme
na kununua daftari la mistari.
Salha sasa ana alama tatu.
Nimempigia Nyambuto kwanza.