Waya Ulipokomea

Delyth hahitaji kutazama dirishani.
Anajua kwa vikombe.
Kutoka London chai hutulia kama maji ya mtungi;
ikiiacha Cardiff tu, treni hukunja mkono wake paani,
dizeli ikakohoa chini ya sakafu,
vijiko vikaanza kusengenyana.

Waya umeishia hapo.

Mumewe, Emrys, alichimba mashimo ya nguzo
upande wa mashariki, usiku, mvua ikimwingia shingoni.
Daraja moja waliliinua shibri mbili:
miezi kumi na minne.
Popo walikutwa handakini; kazi ikasimama, popo walale.
Kisha waziri akabadilika, hesabu ikabadilika,
na Swansea ikaambiwa: subirini.

Subira huvuta heri.
Huku imevuta kutu:
nguzo saba zimelala kando ya reli,
kondoo wanajikuna nazo.

Emrys bado anatundika kofia ya kazi
kwenye msumari wa mlangoni. Hajaipeleka stoo.

Bibi mmoja wa Neath anauliza,
"Mtikisiko huu utaisha lini, mwanangu?"
Delyth anammiminia nusu kikombe.
"Nusu nyingine," anasema,
"tukifika."