Chini ya Mturunji

Kila mwezi wa saba walikuja, makoti meusi
katika jua la Kalabria ambalo hata mijusi hulikimbia,
wakalala chali chini ya miturunji yetu
kama mafundi chini ya gari bovu.
Mturunji ni mti wa inda: mfupi, wa miiba,
matunda yake huyaficha tumboni.
Anayetaka kuyaona sharti alale.

Reb Anshel alikuwa na lenzi ya sonara
na majani makavu ndevuni.
Kabla ya tunda, shina.
Alikwangua udongo kwa kidole gumba, akapapasa gome
pale mti unapotoka ardhini, akitafuta kovu.
"Huu umepandikizwa?"
"Kwa jina la Bikira, haujapandikizwa!" baba aliapa.
Naye, bila kuinua macho: "Bwana Saverio,
kiapo chako nakiheshimu.
Gome nalo lina lake la kusema."

Kwao pandikizo ni batili. Mti uwe mmoja,
toka mzizi hadi kikonyo. Tunda lisiwe na doa,
na ile ncha ndogo, masalia ya ua, isivunjike.
Moja kati ya arobaini ndilo lililofaa.
Baba aliliviringisha kitambaani kama kichanga.
Mimi nilishika sanduku. Nilikuwa na miaka tisa.

Lakini Ijumaa Kuu
bibi alitugawia fimbo, sisi watoto,
tukaupiga mlango wa kanisa hadi rangi ikabanduka.
"Tunampiga nani?"
"Wayahudi."
"Wale wa turunji?"
"Nyamaza."
Na kiangazi kilekile aliwanunulia vikombe vipya vya kioo,
vyao peke yao, akavifuta mara mbili.
"Bibi, na Maria alikuwa nani?"
Akaninyooshea mwiko.

Nilishakuwa mtu mzima padre alipotuambia
kwamba sisi ni tawi la mwituni,
tumepachikwa kwenye mzeituni wa wenyewe.
Waumini wakapiga miayo. Mimi nikashika benchi:
kovu lililotafutwa shambani
lilikuwa limekaa nasi, limevaa nguo za Jumapili,
likitamka amina na haleluya
bila kuuliza yametoka nyumba gani.
Na nikashangaa kama mkulima.
Sisi hupachika tawi bora juu ya shina la mwitu.
Huyu kafanya kinyume,
kama asiyejua kilimo,
au anayejua kilimo kingine.

Baba alifariki Kwaresima. Mwaka huo alikuja Mendel,
mwana wa Reb Anshel, lenzi ileile, ndevu chache.
Nikamwahi kabla hajalala chini:
"Safu ya mtoni usiiguse. Sakitu iliiua.
Nimepandikiza juu ya mdanzi. Kwa mkono wangu."
Akanitazama.
"Usingesema, huenda nisingejua.
Macho yangu si ya baba."
"Ndiyo maana nimesema."

Hata hivyo aliiendea safu ile,
akainama, akanusa tunda bila kuligusa.
"Yananukia sawa."
"Sawasawa."
"Siwezi kuyachukua, Donata."
"Najua."
Tukasimama hapo, wawili, kama wafiwa
wasiojua nani amfariji mwenzake.

Aliondoka na matunda sitini, ya Sikukuu ya Vibanda.
Nikawaza: mtoto wa Maria naye alilishika,
akalinusa, akakagua ile ncha,
na mamaye akamwambia, taratibu, usiivunje.

Jioni nililala chali chini ya mti uliopandikizwa.
Kovu lilikuwa nene kama goti la mtoto mtundu.
Nikaweka kiganja: juu yake joto, chini yake joto.
Matunda yale nitayapika na sukari, ya Krismasi.
Mwiba ulininasa kitambaa cha kichwa.
Sikuuondoa mara moja.