Peso Elfu Mbili, Paracho

Nimekuja na sugu nne mkono wa kushoto,
akiba ya miaka ishirini ya nyuzi za chuma,
na peso elfu mbili, nauli ya kurudi humo humo.

Nazaria Equihua hakuuliza napiga nini.
Alitazama vidole, akacheka puani,
akashusha matatu ukutani.

La kwanza liling'aa kama kiatu cha bwana harusi:
plaiwudi mbele, plaiwudi nyuma.
Nililigonga, likaitika kama mlango wa kabati.

La pili sitalisema.
Bei yake ilinifanya nililaze taratibu,
kama mtoto wa watu.

La tatu: kifua cha mwerezi, ubavuni kovu la patasi,
shingo pana hata kidole changu cha mwisho kikapotea njia.
Nikalicharaza nilivyozoea.
Nailoni ikapwaya, ikanung'unika.

"Hapa hugombani na mtu," akasema,
vumbi la mbao kwenye kope.
"Uguse uzi, kisha ngoja."

Nikangoja.
Nota moja ikakaa chumbani
muda wa kutosha mimi kuona aibu
kwa kelele nilizowapigia maharusi wa watu.

Nimelipa elfu moja mia tisa na sitini.
Nauli iliyobaki itanishusha Uruapan.
Kucha za mkono wa kulia
naanza kuzifuga leo.