Mizani za Siwema

Mnaolalamika shairi hili halina mizani,
nendeni Kariakoo, Mtaa wa Mchikichi,
ubavuni mwa duka la mabomba,
mumuulize Siwema binti Kondo. Yeye anazo.
Zimening'inia ukutani: za saa, za mawe,
za samaki, za vyuma chakavu,
na moja ya zahanati, ya kupimia watoto,
mkanda wake umeliwa na panya.

Mimi ni jirani yake, mwenye mashine ya kopi.
Nilimwona akija, mwaka walipochimba Msimbazi,
ana kanga mbili na viatu vya kuazima.
Fundi Mwinyimvua akampa msasa,
akamwonyesha rundo la mawe yenye kutu.
"Sugua."
Akasugua.
Masika yakaja, mtaro ukapanda mpaka kwenye stuli;
akaipandisha stuli juu ya matofali,
akasugua.
Miezi minane, bisibisi hajaigusa.
Wauza mitumba wakambandika jina: Mama Kutu.
Nami nilicheka.
Naandika haya kwa sababu nilicheka.

Mwenzake, Hatibu, alikuwa na vidole vyepesi.
Springi aliielewa kwa siku mbili;
ya tatu akasema anatoka kidogo, anarudi.
Nasikia anauza viwanja Chanika,
au aliviuza, au aliuziwa.

Siwema hakuwa na vidole vyepesi.
Alikuwa na daftari la mistari, jalada limechakaa.
Nililiona siku alipolileta nimtolee kopi,
maana lilikuwa linaanza kulowa.
*Jumanne. Mizani ya Mpemba wa pweza.
Inadanganya nusu robo. Sijui kwa nini.*
Chini yake, kwa wino mwingine:
*Ijumaa. Bado sijui.*
Na chini kabisa, kwa penseli, baada ya Idi:
*Chumvi. Imeganda kwenye jino la tatu.*

Nimetoa kopi za vyeti, za hati, za hukumu,
za barua za mapenzi zilizokosewa anwani.
Karatasi ile ndiyo pekee niliyojiibia nakala.

Halafu kuna ile siku ya mwenye mchele.
Alikuja na mizani nzima, haina ugonjwa,
akainama, akanong'ona: iongezee uongo kidogo,
gramu hamsini tu, nani atajua?
Akaweka noti juu ya sahani.
Sindano ikatikisika.
Zilikuwa kodi ya miezi miwili,
na mwenye nyumba, kule Buguruni,
alishaanza kugonga mlango kwa kiatu.
Siwema alizitazama muda mrefu kuliko ninavyopenda kusimulia.
Kisha akasema:
"Hii imepona, mzee. Ukitaka iugue, tafuta mchawi."

Mwezi ule alilala dukani, kati ya mawe.

Sasa hivi mama wa Feri na wa Tandale
wanapanga foleni kabla sijafungua kufuli langu.
Kibao kipya, rangi ya bluu: SIWEMA FUNDI MIZANI.
Ana vijana wawili; mmoja anasugua huku ananuna.
Fundi Mwinyimvua, macho yameingia ukungu,
huja Alhamisi kugusa kazi kwa kidole,
hasemi kitu, anaomba kahawa.
Mama Kutu hakuna anayekumbuka,
isipokuwa mimi, na yeye.

Kila asubuhi, kabla ya mteja wa kwanza,
huziangalia moja moja, sahani tupu,
mpaka kila sindano itulie kwenye sifuri.
Nilimuuliza anapima nini, na hapo hakuna kitu.
"Hicho hicho," akasema,
akaendelea.

Leo mashine yangu imetafuna karatasi tena.
Siku zote humwita fundi wa Gerezani,
hulipa, hulaani, hungoja itafune nyingine.
Leo nimefungua kifuniko mwenyewe,
nimechafuka wino mpaka kwenye kiwiko,
na nimenunua daftari, la shilingi elfu moja.
*Jumatatu. Inatafuna upande wa kushoto.
Sijui kwa nini.*