Ikama

Nimepewa walimu saba.
Si sabini. Saba,
wa mafunzo rekebishi, mkataba wa miezi kumi,
niwagawe kwa shule thelathini na nne za wilaya
kabla ya Ijumaa saa sita,
maana gari la mkoa halimngoji mtu.

Muheza mvua imeanza, bati la ofisi halisikilizani na simu.
Chai imepoa. Orodha haipoi.

Mwongozo unasema: anza na wenye wastani wa chini.
Nikaanza. Kwemsala, ya mwisho.
Mtakuja, ya pili kutoka mwisho. Nikashuka hivyo hivyo
hadi Kwemkole, ya sita.
Wa saba nimewapa Majengo, hapa mjini,
nitasema baadaye kwa nini.

Kambi Tisa, kule kwenye mkonge, haimo.
Wastani wake ni wa kupigiwa makofi.

Ningependa kuamini.
Lakini mwezi wa tatu nilikwenda Kambi Tisa,
nikaketi dawati la watoto wanne, mimi wa tano,
na Nyamvula wa darasa la nne akanisomea ukurasa mzima,
mbuzi, kamba, kisima, bila kukwama,
hadi nilipofunika picha kwa kiganja.

Sauti ikakatika.
Hakunitazama usoni. Aliutazama mkono wangu,
akingoja niuondoe,
kama mtu aliyetumwa chumvi
akakuta duka limefungwa.

Mwalimu mkuu Shekiondo alinisindikiza hadi barabarani.
"Siku ya mtihani wasiojua hawaji," alisema.
"Hatuwafukuzi. Hawaji tu.
Wanaokuja wanajua, wanaojua wanafaulu.
Ndiyo wastani wetu huo, dada."

Kumi na tisa walifanya.
Sitini na watatu walikuwa shambani na baba zao.
Asiyehesabiwa hakosi,
na asiyekosa, mwongozo haumjui.

Majengo wazazi wameandika barua.
Kurasa tatu, zimechapwa,
nakala kwa mkuu wa wilaya, nakala kwa mbunge.
Kambi Tisa hawajaandika.
Nani aiandike?

Nikampigia Mwanakombo Hoza, wa kwanza kwenye orodha ya saba.
Akauliza nyumba. Nikasema nusu ina paa.
Akauliza maji. Nikasema boza la shamba, Jumanne, likiwa zima.
Akanyamaza. Nyuma yake mtoto analilia uji.
Kisha akauliza nisilolitarajia:
"Kuhesabu, wanajua?"

Nikamkumbuka Kibwana,
mwenye sifuri nne mfululizo daftarini,
aliyenijibu bila kukunja kidole:
mganda majani thelathini,
baba jana kakata miganda kumi na minne,
mia nne na ishirini, na msimamizi kaandika mia tatu na tisini.

"Wanajua," nikasema. "Ila hawajui kwamba wanajua."
"Basi nitaanzia kwenye miganda," akasema,
na simu ikakatika, au aliikata, sijui.

Sasa ni saa tano na robo.
Saba hawazai wa nane.
Ili niandike Kambi Tisa, lazima jina moja litoke.

Ningeweza kufuta Majengo.
Kalamu nimeishika, mkono haukufika.
Nimeiona ile nakala kwa mbunge,
nikaiona ada ya mwanangu, nikaona uhamisho.
Niliogopa. Hilo pia liandikwe mahali.

Nimefuta Kwemkole.
Kwemkole ambako watoto wote walikuja siku ya mtihani,
mia na wanne, hata mwenye surua,
wakakaa chini kwenye saruji
wakafeli kwa ukweli, mmoja mmoja.

Ufutio haukumaliza kazi.
Chini ya Kambi Tisa, ukiinamisha karatasi dirishani,
K ya Kwemkole bado inaonekana,
na mkia wa e.

Honi inapiga.
Naikunja mara mbili, natia muhuri,
wino unavuja hadi upande wa pili.